Majina Mia ya Mwanzo

Tamim wa ofisi ya kadi za hospitali, Mji Mkongwe, alikuwa na tabia moja: kila akiiuliza kompyuta, aliiwekea mpaka. Nipe mia ya mwanzo, basi. Kanzidata aliyojifunzia kazi, ile hazina ya majina ndani ya kompyuta, haikuwa na subira. Ukiiomba orodha ndefu inakumwagia yote kwa pamoja, kompyuta inaganda, na ofisi nzima inakutazama wewe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwa mkono huohuo alimtafuta mama yake. Tamim alipokuwa na miaka mitatu, baba alimwacha mkewe, akamleta mtoto mjini, na cheti cha kuzaliwa kikaandikwa jina la mama wa kambo. Hadi anakufa, mzee yule alitaja neno moja tu: Mwanakheir, mtu wa kaskazini. Haya, kaskazini kuna akina Mwanakheir wangapi! Tamim akaiomba kompyuta orodha yao, imepangwa kwa majina ya baba zao, akapata mia. Miaka saba, siku za mapumziko, akawa anabisha hodi kwa mmoja mmoja.

"Samahani bibi, uliwahi kuzaa mtoto ukamwita Tamim?"

"La, mwanangu."

Akirudi chumbani kwake anakata jina kwa kalamu, anakula peke yake. Upweke ulimla, jamani, wala hakumwambia mtu. Mia ikaisha, mama hayumo.

Mwaka 2004 ikaja kanzidata mpya, na Rasha, binti aliyeisomea.

"Kaka Tamim, mbona unaikata? Hii inaleta kidogo kidogo, kadiri unavyovuta. Haigandi."

Akaufuta mpaka. Wakatokea akina Mwanakheir kumi na wawili zaidi, wote wa mwisho wa alfabeti. Wa tatu kumwendea alikuwa Mwanakheir Usi, wa kijiji cha Matemwe.

Mlangoni alitoka mwanamke mtu mzima, Bi Sichana. Tamim akaamkia, akauliza swali lake. Bi Sichana akashika mlango.

"Wa kukujibu hayupo. Dada yangu katutoka mwezi uliopita. Kafa na jina hilo mdomoni." Akamtazama vizuri. "Lakini wewe nshakuona! Mwaka juzi, nyumba ile ya pili, kwa Mwanakheir Haji. Dada alikuwa kakaa hapa barazani, ukampita, ukamwamkia. Kakuitikia. Mbona hukusimama ukamuuliza na yeye, mwanangu?"

Tamim akakaa pale barazani.

"Hakuwamo kwenye orodha, mama mdogo."