Kifusi cha Fundi Tarsis

Bwana afya alinipa mwezi mmoja: maji machafu yaache kutiririka uchochoroni, la sivyo mgahawa wangu hapa Gerezani unafungwa. Miaka kumi na minane nawapikia wauza spea, leo nifungiwe kwa maji ya kuoshea vyombo! Nilikasirika mpaka mchuzi nikauzidishia chumvi.

Fundi Tarsis, mwashi anayekula kwangu kila mchana, akasema, "Dada Badria, tutayachuja kwa kifusi."

"Kifusi? Wewe una wazimu?"

Alichimba shimo refu nyuma ya jiko, akatandika nailoni nzito, akajaza vipande vya matofali na vigae vya nyumba ya jirani iliyobomolewa. Juu akapanda matete aliyoyatoa bonde la Jangwani. Maji yanaingia huku, yanapita chini kwa chini, yanatokea kule.

"Kwenye vipande hivi na mizizi vinakaa vijidudu," alisema. "Ndivyo vinavyokula uchafu."

Wiki ya pili, kila asubuhi nakinga maji kwenye glasi, nayatazama juani. Jamani, yalianza kung'aa! Nikawa najiuliza, hivyo vijidudu vikoje? Vinalala? Vinashiba? Wateja nikawapelekea ile glasi wakiwa wanakula, wakanifukuza.

Wiki ya tatu matete yakawa ya njano, maji yakanuka. Zilibaki siku tisa. Nilimwita Tarsis tapeli mbele ya wateja wote. Akaweka kijiko chini, akaenda nyuma, akachuchumaa, akanusa.

"Dada, unamwaga nini humu?"

"Si nasafisha tu! Kila nikimaliza vyombo namwaga dawa ya choo, pasije pakanuka."

"Na dawa hiyo si ya kuua vijidudu?" akauliza. Vijidudu vyangu vyote nilikuwa nimeviua mwenyewe, kwa usafi wangu huu ninaojisifia mtaa mzima.

Nikamwomba radhi mbele ya wateja walewale. Tukalisuuza shimo kwa maji matupu, Tarsis akaleta ndoo mbili za tope la Jangwani, akasema ndiyo mbegu. Vyombo nikawa navipeleka kwa bajaji kuosha kwa shangazi, Ilala, nikibakisha vichache tu vya kuosha hapa, vijidudu vipya vile bila kuzidiwa. Sikulala vizuri hata siku moja.

Bwana afya alipofika, aliinua glasi juani, akanusa mara mbili. Karatasi aliyokuja nayo ya kufungia mgahawa akairudisha mkobani.

"Haya maji mnatia dawa gani?"

Tarsis akapaliwa na chai.

"Hakuna," nikasema haraka. "Wallahi, sitii tena."