Nimepozwa

...na hakucheka, hilo ndilo linalomkera Marijani, Mauwa hakucheka, siku zote utani ukimfikia anacheka mpaka birika la chai linamwagika, leo kimya, na kugeuka hawezi, macho yako kwenye kioo cha geji, namba nyekundu zinashuka, hamsini na mbili, hamsini na moja, mikroni hizo, vitu vidogo mpaka kiroboto akivikalia vinavunjika, na mbele yake kranki ya lori, ule mhimili wa injini, inazunguka taratibu kama bibi harusi anayezungushwa ukumbini, nzito kama mnazi, kranki ya lori ambalo likipiga honi Buguruni kuku wa Kigamboni wanaacha kutaga, jiwe la kusagia linailamba, maji meupe ya kupozea yanamwagika juu yake, vidole viwili vya geji vimeikumbatia shingoni vikipima kila kinacholambwa, na mkono wa Marijani uko kwenye usukani mdogo wa kusogezea jiwe, akigeuza uso sasa hivi, mkono ukacheza upana wa pumzi tu, kranki ya watu imekwisha, inakuwa nguzo ya kufungia mbuzi... kasema nini yule, kasema mie nimepozwa, ndivyo sikio lilivyoleta, mie nimepozwa, halafu kukawa na neno kaka, halafu kukawa na neno leo, katikati upepo mtupu, na yeye kwa haraka zake akamjibu bila kugeuka, "Hata mie nimepozwa bibie, haya maji yananirukia tangu asubuhi, suruali hii ukiikamua unajaza ndoo," jibu zuri, jibu la kuangusha karakana nzima, Didas pale kwenye mashine ya kukereza amecheka, mabega yake yametikisika, lakini Mauwa amesimama tu, anaonekana kwenye kioo cha geji nyuma ya namba, kadogo, kameinama kidogo, birika mkono huu, kikombe mkono huu, na namba zinampita usoni, arobaini na nane, arobaini na saba... si kawaida yake, Mauwa ni mtu wa kurudisha, ukimtupia moja anakutupia tatu, ndiyo maana chai yake Temeke nzima hakuna, si kwa sababu ya tangawizi, ni kwa sababu ya mdomo, na mdomo huo Marijani anaujua kuliko mtu yeyote maana anausoma kila asubuhi kama gazeti, anautazama unavyofunguka na kufungwa, na hapo ndipo anapopata nusu ya maneno, nusu nyingine anaibuni, na anabuni vizuri, mwaka mzima wa kubuni na zaidi na hakuna aliyemshika, wanasema tu Marijani ana utani, Marijani hana jibu la maana, muulize saa atakwambia habari za jini, wacha waseme, kheri mtu mwenye utani kuliko kiziwi... kiziwi, neno baya hilo, halikai, la watu wengine, yeye bado, yeye sikio lake lilikuwaga linasikia sisimizi akivua viatu Tandale, hilo si la kusimuliwa, kabla bosi hajaleta hii geji ya umeme alikuwa anasaga kwa sikio, anasimama hapa hapa anasikiliza jiwe linavyoimba, likigusa chuma tu anajua bado kiasi gani, anasimamisha, anapima kwa maikromita ya mkono, inakubali, watu wanatoka Mbagala kuja kumwona, wengine walidhani amefunga hirizi kwenye mashine, na ikawa siku moja jiwe likaacha kuimba, akamwambia Didas jiwe limekuwa bubu, Didas akamtazama, akasema, "Mzee, mbona linapiga kelele mpaka meno yananiuma?" akamjibu alikuwa anampima akili... arobaini na moja, arobaini, polepole, usukani kidogo, hivyo... basi geji ilipokuja vijana wakasema mzee atagoma, mzee wa sikio hatakubali kuambiwa na kioo, naye akaipokea kwa mikono miwili kama mjukuu, hawakujua kwa nini, maana geji peke yake karakana hii ndiyo inayomwambia mambo yake kwa maandishi, haimung'unyi, haiongei ikiwa imempa kisogo, bado thelathini na nane, inasema bado thelathini na nane, ungetaka nini tena kwa rafiki, tena ina kengele yake ya kulia kazi ikikaribia mwisho, hiyo hajawahi kuisikia hata mara moja, Didas alimwambia siku ya kwanza, "Mzee inalia hiyo," akasema naiacha iimbe, ina sauti nzuri, wakacheka, wakaenda zao... ndivyo wanavyokwenda, wanacheka, wanakwenda zao, na siku hizi hawaji, hiyo ndiyo shida ya kuchekesha, mtu akiwa na jambo lake zito haji kwako, anakupita kama unavyopita kibanda cha sinema, ile asubuhi getini mashine zote zinanguruma bosi akamsogelea na kumwambia kitu kifupi, yeye akajua ni shikamoo maana bosi ni mdogo kwake na ana adabu, akajibu kwa sauti, "Marahaba, marahaba, hujambo?" kumbe bosi anasema mzee wangu amefariki, marahaba, jamani, mtu kafiwa na baba yake unamwambia marahaba, na hata hapo hakusema sikusikia, alipoletewa habari na Didas alisema huzuni inamrukishaga akili, akaenda msibani akabeba jeneza mpaka bega likavimba, lakini bosi tangu siku ile anamwagiza kwa kumwonyesha kidole... thelathini na moja... na Tabu vilevile, mwanawe, yuko Tanga kwa mumewe, anapiga simu kila Jumapili, na Marijani akishika simu tu anaanza, habari za Tandika, mvua, jirani aliyefuga bata akadhani ni mbuni, anaongea bila kuvuta pumzi maana akivuta pumzi Tabu ataingiza swali, na swali kwenye simu ni giza tupu, hakuna mdomo wa kusoma, ni mlio wa nyuki ndani ya kopo, basi anaongea mpaka salio la mtoto linakata, Tabu anasemaga baba una maneno, labda anasema hivyo, labda anasema baba umeugua, nani ajue, mjukuu wa pili ni wa kike au wa kiume Marijani hajui mpaka leo, aliambiwa, akasema mashallah, mashallah inafaa kote... na nyumbani chumba kile tangu marehemu mkewe Zubeda aondoke, redio imefunikwa kitambaa maana aliifungua mpaka mwisho ndipo aisikie na wapangaji wakaja kugonga mlango kwa mateke, adhana anaijua kwa saa ya ukutani, anakaa kitandani anasikiliza ule mlio wake wa ndani, ule unaolia usiku kucha kichwani kama birika lililosahauliwa jikoni, wa kwake peke yake, hamgawii mtu... siku umeme unapokatika tu ndiyo siku anayokuwa na watu, mashine zinazima, karakana inakuwa kama msikiti saa tatu, watu wanakaa kwenye vyuma, na sauti zinamfikia, si zote, za karibu, kama Jumatano ile umeme ulipokwenda na Mauwa akakaa karibu kabisa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akasema, taratibu, midomo wazi, "Marijani, wewe utakaa peke yako mpaka lini?" Marijani, bila kaka mbele, zamani alikuwa anasema kaka Marijani, ile kaka imeanguka wapi hakumbuki, na hilo alilisikia lote, halikupotea hata tone, na akajibu, mjinga, akajibu, "Peke yangu? Mie na mende wangu tuko kaya nzima, sensa ilitupitia, mkuu wa kaya ni mende," Mauwa akacheka, halafu akatazama mikono yake, halafu umeme ukarudi...

"Umenisikia lakini?"

hilo limefika, hilo analijua kwa umbo lake hata likija limevunjika, u-me-ni-kia, anaulizwa mara nyingi mno, na ulimi ukatangulia kama kawaida yake, "Nimekusikia Mauwa, mie nasikia mpaka mnachopika Ukonga," na kwenye kioo kale kadogo kakatikisika kidogo, si kicheko, akaona mkono ukishuka kuchukua kikombe cha jana pale juu ya boksi la spana, polepole, mtu anayekusanya vitu vyake... Ukonga, mbona amesema Ukonga, imetoka wapi Ukonga, ishirini na sita, imetoka kwa Didas, Didas alimwambia kitu wiki hii wakinawa mikono bombani, mtu wa Ukonga, yule Khalfani mwenye duka la vyuma, aliyefiwa na mke, mstaarabu, ana kofia safi, alikuja na kranki ya gari yake na akanywa chai vikombe vinne kwa mtu asiyetoa jasho, amekwenda wapi vile, amekwenda kwa kaka yake Mauwa, Didas alisema amekwenda kwa kaka na watu wazima wawili, na Marijani akasema ah anatafuta kranki huyo, na wakacheka... amekwenda kwa kaka... mie nimepozwa, kaka, leo... nimepozwa na nini, nani anampoza Mauwa, Mauwa si chuma, maji haya hayamfikii alipo, na Kiswahili gani hicho, mtu mzima mwenye akili zake amesimama na birika la moto anasema amepozwa, ishirini na moja, ishirini, nimepo-wa, nimepo-kitu-wa, sikio lake limepoteza hizo herufi za kuzomea, zile za nyoka, s anaikosa, sh anaikosa, f inakuja siku ikitaka, mashine imezila kwanza kama panya alavyo ncha ya sabuni, nimepo... poswa... nimeposwa.

Nimeposwa, kaka anataka jibu leo. Ijumaa leo. Baada ya swala watu watakaa ubarazani kwa kaka yake na atatoka mtu na jibu, na yeye amemwambia hata mie nimepozwa, suruali ukiikamua unajaza ndoo... Mola wangu... na mwanamke haji kukwambia nimeposwa mbele ya mashine asubuhi yote hii kwa sababu ya habari, habari angempa Didas, angewapa wauza vitumbua, amekuja kusimama nyuma ya mgongo wako na birika akakwambia ili useme neno, useme Mauwa usiende, au useme mbona hukuniambia mapema, useme hata lolote lisilokuwa la kuchekesha, na wewe umemchekesha, halafu akakuuliza umenisikia lakini, akakupa nafasi ya pili mkononi, ukamwambia nimekusikia, kwa hiyo sasa anajua, anajua umesikia kuwa ameposwa na jibu lako ni suruali... kumi na sita, kumi na tano, na hana hakika, hilo ndilo balaa, hana hakika, labda ni pozwa kweli, labda alitoka hospitali wakampoza kitu, wakampoza jino, na hata akigeuka amtazame midomo haitamsaidia, poswa na pozwa ni mapacha midomoni, meno yanakutana vilevile, pumzi inatoka vilevile, tofauti yake iko huko kooni asikofika, kwa hili hakuna kubuni, kwa hili lazima aulize, na akiuliza lazima aseme kwa nini anauliza, na akishasema hilo limeshasemwa, karakana itajua, bosi atajua, watamtoa kwenye jiwe watampa ufagio, na watoto wa Tandika watamwita kiziwi wa mashine... kumi na mbili... watamwita basi, waite, atasikia wapi, hawezi kusikia wakimwita, hii angeisema kwa sauti ingeangusha watu, lakini ya nini, hana mtu wa kuiangukia, kale kadogo kwenye kioo kameshika birika kwa mikono miwili sasa, kamegeuza upande, mtu wa kuondoka, tisa, nane, na Mauwa akiondoka hapa haondoki na chai peke yake, anaondoka na mdomo wa mwisho ambao bado unamgeukia wakati wa kusema, maana yeye humgeukia, sasa ndiyo anaona, wengine wote wanaongea na mgongo wake, Mauwa siku zote anazunguka mashine aje mbele, anasimama pale penye mwanga, anafungua maneno taratibu kama anayemvunjia mtoto mkate, je, anajua? Anajua tangu zamani? Na kama anajua mbona leo amesemea nyuma... labda kwa sababu leo alitaka aulizwe. Leo alitaka mtu huyu aseme rudia.

Sita. Tano. Mkono ukarudisha usukani nyuma, jiwe likaachana na chuma, namba ikasimama kwenye nne, kranki ikaendelea kuzunguka na maji yakaendelea kumwagika juu yake, kazi haijaisha, hajawahi kuacha kazi kwenye nne, akageuka, shingo ikalia au haikulia, na neno lenyewe analotakiwa kulisema limejaa zile zile herufi anazozikosa, hata likitoka kinywani mwake hatalisikia vizuri, itabidi alitoe na kuamini limefika.

"Mauwa," akasema, "mie sisikii."

Mauwa alikuwa ameshapiga hatua, akasimama, akamtazama, na pembe ya mdomo ikapanda, kicheko kikaanza kuja, kile alichokisubiri asubuhi nzima, sasa ndiyo kinakuja, na nyuma yake mabega ya Didas yakatikisika, na la kuongezea likamjia Marijani ulimini tayari, limenolewa, tamu, la kumaliza watu mbavu, akalimeza.

"Sisikii, Mauwa," akarudia, vilevile, bila chumvi.