Sarafu Isiyokauka

Zibuyile Mchunu alipiga picha sarafu zake asubuhi, jua likiwa bado upande wa dirisha la jikoni, kwa sababu taa huidanganya fedha. Alitandika kitambaa cheusi mezani, akaweka rula kando, akaishika sarafu ukingoni kwa ncha za vidole, akaipiga upande wa kichwa, upande wa ngao, kisha ukingo wenyewe. Hakuwahi kuisugua sarafu hata moja. Mji mzima wa Estcourt wanawake husugua sufuria mpaka ukajionea meno, na wengi walimletea sarafu za marehemu baba zao zikiwa zimeshapigwa majivu na ndimu, zinameta, thamani yote imekwenda na maji ya kuoshea vyombo. Hao aliwapa pole, akawapa na chai, akawarudisha makwao.

Sarafu ya siku hiyo aliletewa na mumewe, Bhekithemba, aliyekuwa msimamizi wa vibarua waliokuwa wakihamisha makaburi bondeni ili bwawa jipya lipate nafasi. Aliitoa ndani ya soksi.

"Umeitoa wapi?"

"Nimeiokota."

"Kwenye tope?"

"MaMchunu, wewe uza. Kuuliza waachie polisi, wana mshahara wao."

Ilikuwa ya fedha, ya shilingi mbili na nusu, ya mwaka 1893, na wanaozitafuta hizo hawalali. Kasoro yake ilikuwa kwamba haikukauka. Zibuyile aliigusisha kitambaa polepole, bila kufuta, na baada ya kitambo palikuwa na kidimbwi chini yake, maji ya kahawia kama ya mtoni. Akaiweka kwenye sahani ya kikombe. Muuzaji mwaminifu hafichi kasoro, kwa hiyo kwenye tangazo la mnada wa mtandaoni aliandika: "Haijasuguliwa. Ina mkwaruzo mdogo juu ya sikio. Inatoa maji." Wanunuzi waliuliza habari za mkwaruzo.

Mmoja tu aliuliza jambo jingine. Alijiita Sokhela.

"Umeipata kwa nani?"

"Ni ya familia," Zibuyile akaandika.

"Familia ipi?"

Hilo hakulijibu, na kanuni za mnada hazimlazimishi muuzaji kujibu. Lakini alimchunguza, maana mtu makini hujua nani anaweka dau. Akaunti ilikuwa mpya, kitambulisho kimehakikiwa, mzaliwa wa 1931, anwani yake ni makaburi mapya kule mlimani, safu ya nyuma karibu na uzio. Zibuyile alikuwa ameshauzia watu wenye anwani za ajabu kuliko hiyo. Akamwacha aendelee.

Sokhela alimpita kila mtu. Daktari mmoja wa meno wa Cape Town alikuwa akipandisha dau, na papo hapo Sokhela anapandisha juu yake, kama mtu asiye na kazi nyingine. Mnada ukafungwa, Sokhela akashinda, na malipo hayakuja.

"Sina benki," aliandika. "Ilishonwa kwenye pembe ya blanketi langu. Baba alinipa siku niliyooa. Nisipokuwa nayo siitiki wakiniita nyumbani."

Zibuyile alimwamini, na hilo ndilo lililomuuma. Lakini kanuni ya kwanza ya biashara hii ni kwamba sarafu haitoki mkononi kabla fedha haijaingia, hata mtu akulilie vipi. Alimjibu kwa adabu, akamwongezea muda. Muda ulipokwisha, wenye mnada walimfungia Sokhela akaunti kwa kosa la kusumbua wanunuzi halali, sarafu ikaangukia kwa daktari wa meno, naye akalipa siku ileile.

Kesho yake aliingia uani bibi mmoja aliyebana kwapani tawi la umlahlankosi, ule mti wa miiba, bila kumsalimia jirani yeyote. Kwetu mtu akionekana hivyo anaachwa apite. Amekwenda kumchukua marehemu wake. Atamlipia kiti chake garini, atamtajia kila mto na kila kona, hataongea na mwingine mpaka amfikishe nyumbani, nyuma ya chumba, mahali wanapokaa wafu wa ukoo. Zibuyile alimfungulia mlango kimya. Ila bibi alipoketi aliliweka tawi mapajani, akaongea.

"Mimi MaZondi, mke wa Sokhela. Naongea kwa sababu tawi jepesi. Sijampata."

"Jepesi vipi, Gogo?" Zibuyile aliuliza, akimwita bibi kwa Kizulu.

"Nimemfuata huko walikomhamishia. Wamenionyesha kaburi, lina namba nzuri tu, ndani hamna mtu wa kuongea naye. Nimeita mpaka sauti imekauka. Jana kanijia ndotoni, kalowa chapachapa, ananiambia yuko jikoni kwa watu, kawekwa kwenye sahani. Nikauliza nyumba ya msimamizi wa vibarua."

Mezani sahani ilikuwa imefunikwa kwa bakuli. Chini ya bakuli kulisikika tone, kisha jingine.

"Bomba lenu linavuja?"

"Linavuja, Gogo."

"Mzee wangu naye alikuwa hivyohivyo. Akitoka mtoni anadondosha maji nyumba nzima. Ukimwambia ajifute, anakujibu nyumba ni yake, atailowesha anavyotaka."

Wakacheka kidogo, wote wawili. Kisha Zibuyile akatoka nje na kumpigia mumewe simu.

"Usithubutu," Bhekithemba alisema. "Ukimpa huyo, kesho watapanga foleni mlangoni. Unajua nimeshakuletea ngapi."

Alijua. Alirudi jikoni, akamwongezea bibi sukari ambayo hakuiomba.

"Hayupo hapa, Gogo."

MaZondi aliitazama meza. "Basi namwachia tawi," alisema, akalilaza juu ya kiti kilichokuwa wazi. "Akipita hapa, mwambie asiende mbali. Mimi miguu sina tena."

Sarafu ilifungwa kama inavyotakiwa: ndani ya kibweta cha plastiki, pamba pande zote isichezecheze, boksi ndani ya boksi, bima ya bei kamili. Gari la vifurushi likaichukua. Jioni, wakila uphuthu, ule ugali wa chengachenga, na maziwa ya mgando, ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu, na Zibuyile akawa anausoma kwa sauti kama kawaida yake, kwa kuwa Bhekithemba haoni maandishi madogo.

"Kifurushi kimeondoka Estcourt."

Tawi kwenye kiti likabonyea kidogo, kama mtu anapoegemea.

"Kifurushi kimepita Harrismith."

Maji yakatiririka kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni. Asubuhi, wakati wa chai, ukaingia mwingine.

"Kifurushi kimevuka mto Orange."

Hapo ndipo alipotambua anachokifanya. Alikuwa anamtajia marehemu mito, mmoja mmoja, mbele ya tawi lake. Bhekithemba aliacha kutafuna.

"Nyamaza basi."

"Ukimwacha njiani ndiyo mbaya zaidi," Zibuyile alisema. "Atapotelea jangwani Karoo. Bora afike."

Akasoma hadi mwisho, akimtajia kila mji. Aliposoma kwamba kifurushi kimepokelewa Cape Town na kutiwa saini, majani ya tawi yalipukutika yote kwa pamoja, na sakafu ikawa kavu. Zibuyile aliyafagia. Aliona haya hata kumtazama mumewe.

Daktari wa meno alimpa nyota tano. "Sarafu ni kama ilivyoelezwa," aliandika. "Muuzaji mwaminifu, ufungaji bora. Mzee naye amefika salama, ana kikohozi kidogo. Tumemweka kwenye kasha la chuma benki, huko hakuna unyevu."

Ijumaa MaZondi alirudi. Alisimama katikati ya jikoni, akatega sikio.

"Hadondoki tena."

"Hadondoki, Gogo."

"Amekauka?"

Zibuyile alikuwa na simu mfukoni, na nyota zake tano ndani ya simu.

"Amekauka."

"Kumbe alikuwepo," MaZondi alisema, bila hasira. "Nilijua tu. Si wa kutoka nje amelowa, yule. Sasa atakubali kwenda."

Alilichukua lile tawi tupu, akalibana kwapani, akawa haongei tena na aliye hai. "Baba, tunainuka," alisema. "Baba, hiki ni kizingiti. Baba, hili ni lango la watu hawa."

Kwenye soksi ya Bhekithemba iliyoanikwa karibu na jiko, sarafu nyingine ilianza kudondosha maji. Zibuyile alitangulia mbio uani, akafungua mbawa zote mbili za lango, ili wapite wawili, kana kwamba mzee naye yupo.