Pikapu Iliyokuja na Bodi Yake

Mtu akikuambia Benzi ni gari, muulize hilo Benzi limewahi kubeba nini. Mimi nimeuliza swali hilo miaka ishirini hapa Gikomba na sijajibiwa. Linabeba tumbo la mwenyewe na gazeti lake, basi. Kuna bwana mkubwa mmoja wa Buruburu huniletea lake nimnyooshee bampa, na kila akija lazima nimtandikie gunia safi, la sivyo hashuki. Gari la kuogopa vumbi, katika Nairobi hii! Gari ni pikapu. Hayo mengine ni makochi ya sebuleni yaliyotiwa magurudumu.

Ninayosema nayajua. Naitwa Ndung'u na kazi yangu ni bodi. Zamani ukinunua pikapu, kampuni ilikupa kichwa cha gari na chesisi tupu nyuma, mifupa mitupu, halafu ukaja kwangu. Mimi na mwenzangu Shitanda tulipima, tukakata mabati, tukachomelea, na wiki mbili baadaye ulitoka na bodi ya kazi yako, iwe ni ya mbuzi, ya mbao au ya magunia. Wazungu walijua injini, sisi tulijua mizigo. Kila mtu alikula kwake na hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

Sasa sikia nilivyojipalia makaa.

Mwaka wa themanini na tatu alikuja kijana mmoja amevaa tai, anaitwa Naftaly. Alisema yeye ni afisa wa mauzo wa kampuni fulani ya kuunganisha magari. Jina la kampuni silitaji, nisije nikaitangaza bure. Wakubwa wake wa ng'ambo, alisema, wanataka maoni ya watu wanaoyajua magari, na kila alikouliza Gikomba ameelekezwa kwangu. Akaketi juu ya debe langu la rangi, na tai yake hiyo, akatoa kalamu.

Mtu mwenye akili angesema ana kazi nyingi. Lakini miaka kumi na mitano nilikuwa nikiwapigia kelele akina Shitanda na wauza chai kuhusu magari, na hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kuniuliza hata saa. Nilifurahi, wacha niseme ukweli. Nilifurahi kama mtoto.

Naftaly alinieleza mpango wao. Siku hizi, alisema, mwenye pikapu naye anataka kujisikia mkubwa, kwa hivyo watatia zulia, redio na viti laini. Nikawaka. Nilimuuliza kama amewahi kumwona mtu ametoka kupakia kabichi Kinangop mwezi wa nne wakati wa mvua, viatu vyake vilivyo. Zulia la nini? Nikamwambia wakubwa wake wana ugonjwa mmoja: wakipata kitu kinachofanya kazi, hawatulii mpaka wamekivisha suti. Wanalainisha kiti cha dereva, ilhali shida iko nyuma, kwenye mzigo, mahali ambapo hawajawahi kuketi.

Akauliza, kwa upole kabisa, bodi nzuri basi ikoje.

Ngai. Nilichukua chaki nikamchorea juu ya bati. Nilimwambia kulabu za kamba zikae nje, chini ya ukingo, kwa sababu za ndani hupasua magunia. Nikamwonyesha mahali sita ambapo lazima kati ya bodi na chesisi pakae kipande cha mpira, la sivyo bodi itapasuka kwenye matuta kabla ya mwaka kwisha. Nilimpa urefu wa ubavu, ambao ni nyonga ya mpakiaji, asivunjike mgongo. Matundu ya maji yawe pembe za mbele, maana sokoni watu huegesha gari likiwa limeinamia mbele. Hata unene wa bati la sakafu nilimtajia. Alirudi mara tatu. Mara ya tatu alikuja na tepu yake mwenyewe, akapima bodi tuliyokuwa tukimalizia, na mimi nikamshikia upande wa pili.

Shitanda alinivuta kando akaniuliza huyu mtu anataka vipimo vya nini. Nikamwambia ana wivu kwa kuwa yeye hakuulizwa. Nyumbani, mke wangu Wakiuru alisema mdomo huponza kichwa. Nikamwambia apakue chakula.

Haukupita mwaka na nusu kazi ikaanza kukauka. Hatukuelewa. Mteja aliyekuwa akituletea chesisi alipita barabarani na pikapu mpya, nzima, akitupungia mkono. Mwenye kiwanja tulichokodi naye alishapata mtu wa marobota ya mitumba aliyekitaka. Tulikuwa tumebaki na tumaini moja tu, Barre. Barre anauza sukari na mchele kwa jumla kule Eastleigh, na pikapu zake zote zina bodi zetu. Alikuwa anataka tatu mpya. Tukizipata, kiwanja ni chetu. Tukizikosa, Shitanda alisema atarudi kwao Kakamega na mimi nijijue.

Na Barre hanunui kitu chenye magurudumu bila neno langu. Ilikuwa hivyo tangu siku nilipomzuia kununua lori lililokuwa limeungwa chesisi katikati. Nikisema chukua, anachukua. Nikisema rudisha, anarudisha funguo siku hiyo hiyo, na hajawahi kuniuliza mara mbili.

Akaja Alhamisi, saa nane mchana, anaendesha pikapu nyeupe. Kampuni ilikuwa imempa aijaribu siku moja.

"Fundi, hizi zinakuja na bodi yake," alisema. "Mimi sielewi mambo ya mabati. Wewe kagua. Ukisema ni mbaya narudisha hii, nachukua chesisi tatu tupu nakuletea. Ukisema ni nzuri, nachukua tatu hivi hivi."

Shitanda aliposikia hayo alizima mashine. Alinitazama, na nilijua anataka niseme nini. Hata mimi nilitaka kusema hivyo hivyo. Nilizunguka ile pikapu nikiitafutia kasoro kwa moyo wangu wote.

Nikashika ukingo. Kulabu zilikuwa nje, chini ya ukingo. Nikazihesabu moja moja. Nikasimama ubavuni, ukanifika nyongani. Nikalala chini nikaingia uvunguni, na pale katikati ya bodi na chesisi nikaona vipande vya mpira, vipya, vimekatwa vizuri kuliko nilivyowahi kukata mimi, mahali pale pale sita. Nililala pale muda mrefu. Nilikuwa na hasira, na mbaya zaidi, katikati ya hasira hiyo niliona fahari. Ilikuwa bodi nzuri. Haki ya Mungu, ilikuwa bodi yangu, ila imepigwa rangi kiwandani.

Nilitoka nikapima sakafu, nikapima tena. Nikafungua mlango wa dereva, nikaliona zulia, nikalirukia hilo. Nikamwambia Barre hii ni pikapu gani yenye zulia, atasafisha matope mpaka lini. Barre aliinama, akalivuta, likatoka lote mara moja. Akasema atampelekea mkewe Ruqiyo nyumbani, atapata pa kuweka miguu.

"Hilo limekwisha," alisema. "Bodi je?"

Neno lilikuwa mdomoni. Angeamini. Lakini kusema bodi ile ni mbaya kulikuwa ni kusema kila bodi niliyomuuzia Barre ni mbaya, na kila nilichojua maishani ni upuzi. Na Barre huweka watu juu ya mizigo yake, watu wenye watoto, kwa neno langu.

"Ni nzuri," nikasema. "Hutapata nzuri zaidi. Na ujue ni kazi yangu hiyo, Barre. Mimi ndiye niliyewafundisha, kulabu na mpira na kila kitu."

Barre alicheka mpaka akashika ubavu wa gari.

"Wallahi, Ndung'u, hata gari la kampuni unataka liwe lako."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akasema mtu mkweli kama mimi hayuko Nairobi hii. Kisha akaondoka kwenda kuchukua zile tatu.

Shitanda hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alikunja nyaya za mashine taratibu, akaziweka sandukuni, akaketi.

"Neno moja tu," alisema. "Ungesema sakafu ni nyembamba."

"Ni milimita tatu," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyewaambia."