Zamu ya Kugonga

Mjukuu wangu alipotolewa chini ya jengo lililoanguka, watu walimbeba juujuu kama bwana harusi. Ni fundi wa plasta. Mwenzake aliyefukiwa naye, fundi bomba, alitolewa baada yake, amefunikwa shuka.

Tangu atoke hospitali analala chumbani kwangu, maana mimi naweza kukaa na mtu asiyesema. Namwekea uji, unapoa. Naupasha, unapoa tena. Wageni wanakuja na maneno yaleyale: ni wewe uliyegonga bomba mpaka waokoaji wakasikia, una moyo wa chuma. Yeye anaangalia kucha zake. Wanadhani ni unyenyekevu. Mimi nimemlea tangu hajaota meno, na uso ule naujua: ni wa siku aliyokuwa ameiba sukari.

"Mume wangu," nikamwambia asubuhi moja, maana ndivyo tunavyotaniana, "mbona sifa zinakukaa kama koti la kuazima?"

"Bibi, niache."

"Nikikuacha nitaolewa na nani, na magoti haya?"

Hakucheka.

Mchana akaja mke wa fundi bomba. Alikaa ukingoni mwa kiti. Nikampa pole, nikampa maji, hakuyagusa.

"Shemeji," akamwambia mjukuu wangu, "sikuja kulaumu. Nina neno moja linaninyima usingizi. Nilikuwa pale nje na wenzangu, tunasubiri. Nikasikia ule mlio. Mbili za haraka, kimya kidogo, halafu moja. Nikasema, huyo mume wangu. Mafundi bomba hugongeana hivyo, wa chini anamwambia wa juu: bado nipo kazini, usifungue maji. Hata mlango wa nyumbani aligonga hivyo. Watu wakaniambia, tulia mama. Ulipotoka wewe, wakasema ndiwe uliyekuwa unagonga. Sasa mama mkwe anasema nimeanza kuchanganyikiwa." Akamkazia macho. "Niambie tu. Nilisikia vibaya?"

Mjukuu wangu akanitazama. Ningeweza kumwokoa. Ningesema mgonjwa amechoka, njoo siku nyingine, naye angeondoka. Na sifa zile zilikuwa zimeshaninogea hata mimi; sokoni nilikuwa naitwa bibi wa shujaa. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Hukusikia vibaya," akasema.

Kisha yakamtoka kwa mkupuo.

"Tulipanga tupokezane. Mmoja agonge bomba kwa spana yake, mwingine alale. Yeye mguu ulikuwa umebanwa na nguzo. Akaniambia, dogo, anza wewe kulala, zamu yako ikifika nitakuamsha. Hakuniamsha. Nikishtuka namsikia bado anagonga. Nasema nipe spana, ananiambia bado. Na mimi nilijua, shemeji. Nilijua zamu yangu imepita zamani. Nikafumba macho tena, usingizi ulikuwa mtamu. Nilipoamka mara ya mwisho spana imemlalia kifuani, na watu wanachimba juu yetu. Mimi sikugonga hata mara moja."

Uji ulikuwa umefanya utando. Niliutazama huo.

"Kwa hiyo alikuwa hai," mwanamke akasema, "wakati ninawaambia yuko hai."

"Alikuwa hai."

"Na wewe umelala."

"Nimelala."

Nilingoja atukane. Nilikuwa tayari kuyapokea, maana haki ilikuwa yake. Yeye akajifunga kitambaa chake kichwani, taratibu, akasimama.

"Kesho uje umwambie mama mkwe kwa kinywa chako. Na hao wanaokubeba, uwaambie pia."

"Nitakuja."

"Sijakusamehe. Usije ukadhani."

"Sidhani, shemeji."

Alipotoka, mjukuu wangu akauvuta uji, akaunywa hivyohivyo ulivyopoa, mpaka mwisho. Alikuwa analia huku anameza. Sikumwambia anyamaze. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ulikuwa mzito, na sikuwa na mkono wa kumtua.

Kesho yake nikamsindikiza. Yeye kashika fimbo yangu, mimi nimemshika yeye.

"Wakituona," nikasema, "watajua ndoa imetuchosha."

Safari hii akacheka kidogo, kwa pua.

Tulipofika nyumbani kwa fundi bomba akakunja ngumi, akainua mkono agonge mlango. Mkono ukabaki hewani. Ndani tulisikia mama mzee akikohoa, na maji yakimiminwa kwenye ndoo. Mjukuu wangu akaushusha mkono, akaegemea ukuta, akapiga hodi kwa mdomo.