Kamongo wa Chumba cha Nyuma

"Viatu," mkewe alimnong'oneza mlangoni. "Vua. Na usikohoe."

Fundi cherehani akavua viatu, akaingia chumba cha nyuma cha maabara kwa kunyata kama mwizi wa kuku. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuvuka kizingiti hicho. Leo aliruhusiwa, maana leo ilikuwa siku ya maji.

Juu ya meza palikuwa na sanduku la mbao lenye bonge la udongo mkavu. Ndani ya bonge alilala kamongo, samaki mwenye mapafu. Ziwa likikauka, kamongo hujizika matopeni, hujifunika utando wa ute wake mwenyewe, akalala bila kula wala kunywa hadi mvua irudi. Mkewe, ambaye wanafunzi walimwita Mama Kamongo, alikuwa amemaliza ujana na sasa anamalizia uzee kwa swali moja: mwili unaishije bila kitu? Jibu alilileta nyumbani zamani, akalieleza mezani huku chakula chake kikipoa.

"Anapunguza. Moyo, pumzi, kila kitu. Halafu anakula mnofu wa mkia wake mwenyewe, kidogo kidogo."

"Sasa si umgongegonge tu, uone kama yu hai?"

"Ukimwamsha pakavu anakufa."

Fundi aliwatania wateja wake: "Wanawake wana wake wenza. Mimi nina mume mwenza, tena ana mkia!" Wakacheka. Hakuwaambia kwamba cherehani ilihamia uani kwa sababu mkewe hakustahimili tena kelele. Wala kwamba kila msimu aliyapunguza magauni ya mkewe, mishono ikisogeleana. Wala kwamba usiku huamka akaisikiliza pumzi ya mkewe, akangoja, akangoja, mpaka jasho limtoke, ndipo ije.

Kamongo huyu, mkewe aliwaambia wataalamu, amelala muda mrefu kuliko yeyote aliyewahi kupimwa. Wenzake wakasema amekufa. Mkuu wa maabara akakata shauri: bonge limwagiwe maji mbele ya shahidi. Samaki akiamka, chumba kitabaki cha mama hata baada ya kustaafu. Akiwa mfu, chumba kifungwe, naye arudi nyumbani.

Fundi alimwomba Mungu samaki awe mfu. Akaona haya, kisha akaomba tena.

Shahidi alikuwa msaidizi wa maabara, mtu mnene, ndoo mkononi. Mpira mwembamba ulitoka kwenye tundu la bonge hadi kwenye kifaa chenye sindano iliyochora mstari juu ya karatasi. Wanaume hao walipokaribia, sindano ilitetemeka kama ina homa.

"Mnapumua kwa fujo," mkewe akasema. "Ndiyo maana siingizi watu humu. Nikiwa peke yangu inatulia, inachora ya kwake tu. Mstari mrefu, kisha kilima kimoja."

"Ukienda likizo, Dokta, mstari hulala moja kwa moja," akasema msaidizi. "Ukirudi ndiyo anapumua. Nilidhani amekuzoea."

"Amenizoea." Akatabasamu kama msichana, na fundi akaona wivu, wivu wa kweli, juu ya samaki.

Mkewe akauchomoa mpira, akayamimina maji mwenyewe, taratibu. Udongo ukalainika, ukamomonyoka. Akapenyeza vidole. Utando ukapasuka kama ganda la kitunguu, na ndani mlikuwa na ngozi iliyosinyaa, miiba na vumbi. Hata harufu haikuwepo.

"Pole, Dokta," msaidizi akasema. "Huyu alikufa siku nyingi sana."

"Haiwezekani. Jana amepumua, nimemwona."

Furaha ilimpanda fundi, kisha akaiona mikono ya mkewe, imekaa matopeni bila kujua pa kwenda.

"Twende nyumbani, mama watoto."

"Tangulia. Niacheni nikae kidogo."

Wakatoka na ndoo yao, mlango ukajifunga nyuma yao. Mlangoni palikuwa na kioo kidogo, naye fundi akageuka kuchungulia. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, amewapa mgongo, ndani ya lile gauni ambalo mara ya mwisho fundi alikosa mahali pa kupunguza. Mpira ulining'inia ukingoni mwa meza, haukushika kitu. Sindano ilikuwa imetulia. Karatasi ikasogea, mstari ukanyooka, ukazidi kunyooka. Msaidizi, aliyekuwa anasema jambo kuhusu funguo, akasogea naye kiooni.

Mabega ya mkewe yakainuka. Sindano ikachora kilima.

Kisha mstari tena, mrefu.

Fundi akainua mkono agonge kioo. Mkono ukabaki hewani: ukimwamsha pakavu anakufa.

"Hiyo ndoo," akamnong'oneza msaidizi, bila kuondoa macho. "Ina maji bado?"

Msaidizi akaiinamisha kwenye mwanga. Yalikuwa yamebaki kidogo chini, mekundu kwa udongo.