Pua ya Honorata

Shule ya masista ilikuwa na nafasi moja kwa msichana wa Kibuta, nami niliitaka. Mdogo wangu Honorata hakuitaka. Hesabu za kugawanya nilikuwa namfanyia mimi. Lakini mwaka ule alikuja Mzungu wa kupima vichwa, na padri akasema yeye ndiye atakayechagua.

Alikuwa na chuma kama magando ya kaa. Akambana Honorata kichwa, kisha pua, akatabasamu. Mwalimu Damiani akatafsiri.

"Anasema babu zako walitoka kaskazini na ng'ombe wao, wakaja kutawala watu wa huku."

"Mwalimu, kwetu hata jogoo tunaazima," Honorata akasema.

Watu wakacheka. Ikafika zamu yangu.

"Huyu ni wa asili ya msituni. Ukoo wake haujamaliza kukua. Akisomeshwa zaidi ataharibika."

Nikatazama miguu yangu.

"Lakini hawa ni tumbo moja," padri akasema.

Mzungu akauliza jambo. Mwalimu akamgeukia mama yetu. "Mama, anauliza kama baba yao ni mmoja."

"Sixtus, umesikia hilo?" mtu mmoja akamtania baba kutoka nyuma.

Jibu bibi yetu Mwanahalima alikuwa nalo. Kwetu mtoto mchanga hukandwa kichwa kwa mafuta ya nazi ya moto na kuvutwa pua, mifupa ikiwa bado laini. Ni mambo ya chumba cha mzazi, wanaume hawaingii. Nilipozaliwa mimi, bibi alikuwa Marui amekaa eda ya babu. Alipotoka, kichwa changu kilikuwa kimekwisha kuwa kigumu. Honorata alimpata tangu siku ya kwanza.

"Waambie ni mikono yangu," bibi akanong'ona. Mama akamkanyaga mguu. Angesema, Mzungu angejua pua ile ilitengenezwa, na nafasi ingetupotea wote wawili.

"Mzungu ndiye anayejua," mama akajibu, akainama.

Baba akaondoka bila kutungoja.

Honorata alikwenda kwa masista akilia. Mimi nilibaki na baba ambaye haniiti tena mwanangu.

Juzi shangazi alijifungulia kwetu. Bibi sasa haoni vizuri, akaniita.

"Pasha mikono. Bonyeza, usimwonee huruma."

Nikabonyeza, nikavuta pua. Mlango ulikuwa wazi. Baba alisimama uani akitazama vidole vyangu mpaka mtoto akanyamaza. Kisha akachukua jembe, akaenda zake shamba.